Kijiko kilikuwa mkononi mwangu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama ni busara mwalimu aliyekwisha ajiriwa kuacha chaki akasomee uuguzi. Nilijibu hapana palepale, kwa sauti, peke yangu. Nafundisha shule ya msingi huku Newala mwaka wa 11 sasa. Akiondoka mwalimu mmoja, madarasa mawili yanaunganishwa na watoto wanabanana wanne dawati moja. Abaki.

Ila kuna jambo limenizuia kulala tangu nisome swali lenu.

Oktoba ya mwaka juzi, korosho zimeshaanza kudondoka, wazazi wote wako mashambani. Mwanafunzi wangu wa darasa la tatu alikuwa ubaoni anajumlisha, akaanguka. Chaki ilibaki imebanwa ngumini. Macho yakageuka, mwili ukawa unatikisika wote. Mwenzangu mmoja akasema ni shetani, asiguswe. Mwingine akakimbilia kitunguu. Mimi nilichukua kijiko cha chai ofisini nikamtia kinywani asijing'ate ulimi, kama nilivyoona wakubwa wakifanya tangu utotoni. Meno yalikuwa yamekaza. Nikasukuma. Nikasikia kitu kimevunjika.

Kwa bahati muuguzi wa zahanati alikuwepo shuleni, amekuja kuwachanja wasichana chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. "Mwalimu, toa kijiko." Hakupaza sauti. Akasogeza madawati, akamlaza mtoto ubavu, akakunja khanga yake akamwekea chini ya kichwa, akamfungua kifungo cha shingoni, kisha akatazama saa aliyoibana kifuani. Basi. Hakumshika kwa nguvu, hakummwagia maji. Akasema, "Zikifika dakika tano hajatulia, tunaondoka naye hivyohivyo." Hazikufika. Mtoto alipotulia, muuguzi alibaki naye sakafuni, anamwita jina lake polepole mpaka akaitika.

Tukampakia bodaboda hadi zahanati. Wakamtoboa kidole: malaria. Siku hiyohiyo akapewa rufaa ya hospitali ya wilaya, na alipona. Kipande cha jino la mbele nilikiokota mimi.

Nafundisha Sayansi, na sikuwa najua kwamba mtu mwenye degedege hatiwi kitu kinywani. Kwa hiyo swali la ajira na mshahara, ndugu zangu, mimi silioni tena kama mnavyoliona. Ninachojiuliza ni kama naruhusiwa kukaa na watoto 70 bila kujua alichojua yule mama.

Basi mwalimu huyo aende. Lakini aangalie vyeti vyake kwanza: stashahada ya uuguzi ni miaka 3, na wanataka ufaulu wa kidato cha nne katika Kemia, Baiolojia na Fizikia. Aombe ruhusa kwa mwajiri kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Mwenye mkopo wa benki na watoto wanaonyonya, kwa kweli siwezi kumsukuma.

Mimi Kemia nilipata F. Nimeshajisajili kuirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Darasani bado sijawaambia.

Mwalimu, Newala