Maabara ya kemia ogani Dar: anza na ubaridi

Mtu akipata fungu la kuanzisha maabara ya kemia ogani, hukimbilia kuomba bei za mashine kubwa. Kwa miaka niliyofanya kazi hii Dar es Salaam, nashauri uanze na maji ya baridi.

Chukua rotavapa, mashine ya kuvukizia viyeyushi, ambayo haitapumzika. Kanuni yake ni kuachana nyuzi 20 kila hatua: beseni la kupashia 60, mvuke 40, maji ya kupoozea 20. Sasa fungua bomba la Dar mwezi wa pili. Maji yanatoka vuguvugu! Dikloromethani, mojawapo ya viyeyushi hivyo, huchemka kwenye nyuzi 39.6, kwa hiyo mvuke wake mwingi utapita kondensa, bomba la kupoozea mvuke, bila kurudi kuwa kimiminika, uishie kwenye pampu na puani mwako. Eta, ya nyuzi 34.6, ndiyo usiseme. Kipoza maji kiandikwe kwenye ombi lilelile la rotavapa. Bajeti ikigoma, ndoo ya maji ya barafu na pampu ndogo ya tangi la samaki itakuvusha. Pampu ya kuvuta hewa nayo iwe ya diaframu inayostahimili kemikali. Ile ya kufunga kwenye bomba inamwaga maji ovyo, na presha ikishuka kazi imelala.

Kabati la kufyonza mvuke lipimwe hewa inavyoingia mlangoni: karibu mita 0.5 kwa sekunde inatosha. Bomba lake litoke nje juu ya paa. Nimeshaona linaloishia darini.

Kwenye vyombo vya kioo, chagua mfumo mmoja wa shingo. Ulaya wana 29/32 na 14/23, Marekani 24/40 na 14/20. Namba ya kwanza ni upana, ya pili urefu, zote kwa milimita. Ukichanganya, utaishi kwa kununua viunganishi. Hata msaada wa bure kutoka ng'ambo, kagua shingo kabla ya kulipia usafiri.

NMR, mashine ya kusoma muundo wa molekuli kwa sumaku, achana nayo. Sumaku ya ile kubwa inadai heliamu ya kimiminika maisha yake yote. Peleka sampuli kwa wenye nayo. Bamba za silika za kutenganishia mchanganyiko, zenye F254 (kemikali inayong'aa chini ya taa hiyo), na taa ya urujuanimno ya nanomita 254 zitakujibu maswali mengi ya kila siku kwa bei ya kawaida.

Friji ya nyumbani usiiwekee eta: swichi yake ya joto hutoa cheche humohumo ndani.

Vibali vya kemikali ni vya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya 2003. Anza kuvishughulikia kabla hata rangi ya ukuta haijakauka. Na siku utakayoagiza viyeyushi, agiza madumu ya taka: moja la vyenye klorini, jingine la visivyo nayo. Andika majina kwa wino usiofutika, maana klorofomu (yenye klorini) na asetoni (isiyo nayo) zikikutana penye alkali zinaweza kulipuka.