Kilichopotea Kimerudi: Chagua Kitenzi cha Kiingereza kwa Kuuliza Nani Amekirudisha

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Iringa mjini, wanafunzi wangu wengi ni wa kidato cha tatu na cha nne. Kuna sehemu moja inayowasumbua karibu wote: kueleza kwamba kitu kilikuwa chako, kikaondoka, sasa unacho tena. Kijana anatafuta kwenye simu, analetewa recover, retrieve, regain, reclaim, restore na get back, anaokota lile linaloonekana la kisomi zaidi. Ndipo nakutana na sentensi kama My mother retrieved from malaria. Wakati uliopita kaupatia, tahajia kaipatia, ila retrieve ni ya kitu kinachofuatwa mahali kilipo na kuchukuliwa. Mgonjwa aliyepona ni recovered from malaria, na hiyo from usiiache.

Ushauri wangu ni huu: kabla hujaigusa orodha, jiulize nani amefanya kazi ya kukirudisha hicho kitu. Kwenye Kiswahili swali hilo hatuna haja ya kuliuliza kwa sauti, maana kitenzi chenyewe kinalijibu. Kitabu kimerudi, amekirudisha, amenirudishia, nimerudishiwa. Mzizi ni uleule, na habari ya nani kamfanyia nani imekaa kwenye viambishi vya mwanzo na vya mwisho. Kiingereza hakina minyambuliko hiyo, kwa hiyo mara nyingi kinabadilisha neno zima.

Chukua bodaboda aliyeibiwa pikipiki, polisi wakaikamata Mafinga. Gazeti litaandika The police recovered the motorcycle, kwa sababu polisi ndio walioisaka. Mwenyewe akiwasimulia wenzake kijiweni atasema I got my motorcycle back. Hilo ndilo neno la mazungumzo, wala si la kitoto kama wanafunzi wengi wanavyodhani. Akienda kituoni na kadi ya pikipiki kuthibitisha kwamba ni yake na kuidai, hapo reclaim inaingia vizuri. Pikipiki ni moja, ila kila sentensi inamtazama mtu tofauti au hatua tofauti.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Kalenga, si mbali na hapa mjini. Mwaka 1898 Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua asikamatwe na Wajerumani, nao wakakata kichwa chake na fuvu likapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, suala hilo liliingia kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Kifungu hicho kinataja vitu viwili, na ukikisoma kwa Kiingereza utaona jambo ambalo nawaonyesha wanafunzi kila mwaka. Kuhusu Qurani ya Khalifa Uthman iliyokuwa imetolewa Madina, Ujerumani iliambiwa restore kwa Mfalme wa Hijazi. Kuhusu fuvu la Mkwawa, iliambiwa hand over kwa serikali ya Uingereza. Sentensi zinafuatana, vitenzi ni tofauti.

Restore ina ndani yake wazo la kukirudisha kitu mahali pake au kwa mwenye haki nacho. Hand over inasema tu kwamba kitu kimetoka mkono huu kwenda mkono ule, haisemi anayepokea ni mwenyewe. Na kweli, Waingereza hawakuwa wenyewe, walikuwa watawala wapya wa nchi hii. Mimi ni mtu wa Iringa na jambo hili linaniuma, kwa hiyo naomba usilipite haraka: kitenzi kilichochaguliwa kimebeba swali la nani ana haki.

Fuvu lilikaa huko hadi Edward Twining, gavana wa Tanganyika, alipolifuata kwenye makumbusho ya Bremen. Kitendo hicho cha kulifuata lilipo ndicho retrieve. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Kwa upande wa Twining utaandika he returned the skull, na kwa upande wetu the Hehe got it back. Mwanafunzi aliyewahi kuingia kwenye makumbusho ya Kalenga na kuliona hahitaji kukariri tofauti hizi.

Mengine hayana ugumu. Regain ni ya vitu usivyovishika: fahamu, nguvu, heshima, imani ya watu. Timu iliyokuwa inaongoza, ikasawazishiwa, kisha ikafunga tena pale Sokoine Mbeya, imefanya regain the lead. Recoup ni ya fedha. Mkulima wa viazi wa Njombe aliyeuza gunia kwa bei ya kumrudishia alichotumia kwenye mbegu na mbolea amefanya recoup his costs, hata kama faida hajaiona. Shamba lililowekwa rehani likakombolewa ni redeem. Ndoo iliyoopolewa kisimani ni retrieve, na faili ulilolifuata masijala vilevile. Picha zilizofutika kwenye simu fundi akazirudisha, sema recover.

Jambo la mwisho ni neno back. Get lazima iwe nalo, kwa sababu get peke yake ni kupata tu. Lakini return, recover, regain na retrieve zimeshabeba maana ya kurudi katika ile re- ya mwanzo, kwa hiyo return back na recover back zikatwe. Nazisikia maofisini na hata redioni, ndiyo maana wanafunzi wanaziona za kawaida, ila msahihishaji wa mtihani ataziwekea mstari. Angalia pia get your own back: haina habari ya mali hata kidogo, ni kulipiza kisasi. Kama unachotaka kusema ni kwamba umerudishiwa kitu chako, kitaje kwa jina: I got my book back.