Katoto ka paka kapewe nini: maziwa, dagaa au chakula cha dukani?

SWALI: Shikamoo mama. Mi niko Mwanga hapa Kigoma mjini, wiki iliyopita jirani kanipa katoto ka paka maana panya wametuzidi, wanatoboa magunia ya mahindi usiku kucha. Tangu kaje nakapa maziwa ya ng'ombe na ugali wa muhogo nimeulainisha na mchuzi wa dagaa, siku ya tatu kakaanza kuharisha na leo kamelegea, kanalala tu kwenye boksi, tumbo limejaa kama mpira. Mwanangu wa darasa la pili analia anasema katakufa. Mama mmoja sokoni kaniambia bila chakula cha dukani hakakui, mwingine anasema nikape dagaa basi, mume wangu ye anasema paka halishwi, akishiba hakamati panya. Nimsikilize nani?
*Mama wa watoto watatu, Mwanga*

JIBU: Marahaba mwanangu, na mwambie huyo mtoto asilie, ila wewe usisubiri kesho. Katoto kakiharisha kanaishiwa maji mwilini haraka sana, maana mwili wenyewe ni kiganja tu. Shika ngozi ya shingoni kwa vidole viwili uivute juu kidogo uiachie, ikirudi polepole ujue maji yamepungua, hapo ni kwa daktari wa mifugo leo leo. Hata ikirudi vizuri, kwa jinsi ulivyosema kamelegea mi ningekapeleka tu. Njiani kafunike na kanga, mtoto mdogo akiharisha anapoa mwili.

Maziwa acha kuanzia sasa hivi. Najua tumekua tukiona paka na kisahani cha maziwa tukadhani ndo chakula chake, lakini maziwa ya ng'ombe yana sukari inaitwa laktosi na paka wengi wakishaanza kuacha kunyonya tumbo lao haliwezi kuisaga, inabaki utumboni inachacha na kuvuta maji, ndo kuharisha kwenyewe huko. Maji safi yanatosha. Na tumbo la mpira nadhani ni minyoo pia, maana watoto wa paka wanaipata kwenye maziwa ya mama yao, kwa hiyo waombe dawa ya minyoo, wakapime uzito kwanza ndo wakupe kipimo. Dawa za binadamu usiguse. Kuna nyumba naifahamu walimpa paka paracetamol kidogo tu ati apunguze homa, akafa. Ini la paka haliiwezi kabisa ile dawa.

Sasa tuje kwenye chakula. Kabla ya yote jua kana umri gani, angalia meno na macho. Kama meno ya pembeni yameshatoka na kanatafuna, na macho bado ya bluu, hapo ni kama wiki tano au sita, kanaweza kula laini. Kama hakana meno bado katafutie paka anayenyonyesha, au maziwa maalumu ya watoto wa paka, na umuulize daktari namna ya kukapa.

Paka ni mla nyama, yaani si kama sisi wala si kama mbwa. Kuna kitu kinaitwa taurini kinapatikana kwenye nyama na samaki, kwenye mahindi na muhogo hakipo, na mwili wa paka hauwezi kukitengeneza cha kutosha. Akikikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unatanuka unalegea. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis ndo walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa na huo ugonjwa wa moyo walikuwa na upungufu wa taurini, wakiongezewa wanapata nafuu. Kwa hiyo ugali na mchuzi unajaza tumbo tu, mwili hauna cha kujengea.

Na hapo nyie wa Kigoma mna bahati, kiukweli. Nenda Kibirizi au sokoni hapo Mwanga, chukua dagaa walioanikwa kwenye chanja, sio wale wa chini kwenye mchanga maana mchanga hautoki wote hata uoshe mara ngapi. Mmoja mmoja mkague, awe anang'aa, asiwe na ukungu wala harufu ya mafuta yaliyochacha. Onja mmoja kwa ulimi, ukikuta wamekolezwa chumvi waloweke umwage yale maji, mara mbili. Chemsha kwenye maji kidogo mpaka walainike, ponda na mgongo wa kijiko kichwa na miba yote, ile miba ndo kalisi ya mifupa yake. Usitie kitunguu, usitie chumvi wala pilipili, kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka, kwa hiyo ule mchuzi wenu wa mawese na vitunguu mtamu mle wenyewe. Maji ya kuchemshia wale wasio na chumvi usimwage, taurini ya dagaa inayeyukia humo, changanya nayo kiwe kama uji mzito na kiwe vuguvugu, weka kidogo kwenye kidole chako katalamba chenyewe.

Samaki mbichi hapana, baadhi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, moto unakiua. Na dagaa peke yao kila siku pia hapana. Samaki wa mafuta bila kitu kingine wanammalizia paka vitamini E mwilini, mafuta ya chini ya ngozi yanavimba anaumia hata ukimshika. Kwa hiyo leo dagaa, kesho nyama ya kuku iliyochemshwa bila mifupa au moyo wa ng'ombe wa bucha umekatwa vipande vidogo vidogo, kesho kutwa yai la kuchemsha. Ini kipande kidogo mara moja kwa wiki, likizidi vitamini A inamlemaza mifupa. Na nyama tupu bila miba miezi na miezi mifupa inalainika inavunjika, nimeona katoto kamevunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kiti tu, kisa kalikuwa kanalishwa steki na mwenye nyumba anayekapenda kwelikweli.

Mbalamwezi inapoiva wavuvi wa taa hawaingii ziwani na dagaa wanapanda bei, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, sasa nyakati kama hizo ndo utaona faida ya kuwa umekazoesha nyama na yai mapema, maana paka akikua na chakula kimoja kingine anakikataa.

Kape mara nne kwa siku mpaka kafike miezi minne, tumbo ni dogo kama njugu. Mambo yakienda sawa kataongeza gramu mia hivi kila wiki, kapime hata kwenye mzani wa muuza nyanya.

Mumeo mwambie kwa upole tu, shemeji, paka anawinda kwa sababu ni paka, hata akiwa ameshiba atakimbiza panya. Mwenye njaa ni dhaifu, atakimbizaje? Na kama ndani mna sumu ya panya iondoeni kabla katoto hakajaanza kuzunguka.

SWALI: Habari dada, niko Ujiji, nina duka na nina paka wa miezi mitatu. Nimekuwa nampa chakula cha mbwa cha kupimiwa kwa kilo maana cha paka bei juu, na anakula vizuri. Kuna shida?
*Muuza duka, Ujiji*

JIBU: Nzuri kaka. Shida ipo, hata kama anakula vizuri. Chakula cha mbwa hakina taurini ya kutosha paka kwa sababu mbwa anajitengenezea mwenyewe, na protini pia ni ndogo kwa paka anayekua. Ukiweza kununua cha paka soma kwenye mfuko kimeandikwa ni cha watoto wa paka au cha umri wote, kikiwa cha wakubwa peke yake kiache. Cha kupimiwa hujui mfuko ulifunguliwa lini wala kimeisha muda gani. Mfuko mdogo ukiutia kwenye ndoo yenye mfuniko unakaa, nusu umpe hicho na nusu dagaa waliochemshwa. Badilisha taratibu siku saba hadi kumi, kila siku unaongeza kipya unapunguza cha zamani, la sivyo ataharisha.

SWALI: Mama, katoto kangu ka wiki saba tangu jana asubuhi hakajala kitu, kako Kasulu kwa bibi. Tusubiri?
*Binti, Kasulu*

JIBU: Msisubiri mwanangu, siku nzima bila kula kwa umri huo ni hatari. Mpigie bibi sasa hivi akaweke karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, akapake mchuzi wa kuku vuguvugu usio na chumvi mdomoni tone tone bila kukalazimisha, alafu mtu akakimbize kwa daktari wa mifugo.