Unatoka Kanda ya Ziwa kwenda kusoma nje? Anza na jina lako

Wadogo zetu wanaoomba vyuo vya nje huanza kwa kusaka ufadhili. Sisi tunashauri uanze kabatini, kwenye bahasha ya vyeti. Wenye ufaulu mzuri kabisa hukwama kwa mambo mawili: karatasi zisizokubaliana majina, na pesa ambayo taarifa ya benki haionyeshi ilikotoka. Yote yanarekebishika, ila yanataka miezi, na miezi hiyo haipo tena ukishapata barua ya udahili.

Tandika mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa cha NIDA na kitambulisho cha mzazi. Soma herufi kwa herufi. Huku kwetu tatizo lina sura yake: jina Ng'washi linaandikwa Ngwashi kwenye cheti cha kuzaliwa, shule inaandika Mwashi, NIDA inarudi kwenye Ng'washi. Ule mstari wa pasipoti unaosomwa na mashine hauna ritifaa (ile alama ya '), hivyo alama hiyo ikikosekana pale si kosa. Herufi iliyobadilika ndiyo kosa, na hata mpangilio wa majina matatu ukigeuka utaulizwa.

Cheti cha kidato cha nne, kinachotolewa na Baraza la Mitihani (NECTA), ndicho kigumu kuliko vyote kukibadili, basi vingine vikifuate hicho. Marekebisho ya cheti cha kuzaliwa hupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kumbukumbu zako ziko wilaya ulikozaliwa. Aliyezaliwa Ukerewe na anaishi Igoma hapa Mwanza aihesabu mapema safari ya Nansio, makao ya wilaya. Kiapo cha wakili kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja kinasaidia sana hapa nyumbani, lakini ofisa wa viza halazimiki kukiamini. Kitumie pale tu ambapo marekebisho yenyewe yameshindikana. Vikishakubaliana, ndipo ujaze fomu ya pasipoti kwenye mfumo wa Uhamiaji. Gharama yake yote ni shilingi 150,000. Ukifanya kinyume, utalipa mara mbili.

Kuhusu muda, kalenda yetu haikuwekwa kwa ajili ya vyuo vya Ulaya. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yanafuata, matokeo yanatoka Julai, na vyuo vingi vya Uingereza na Marekani vinafungua Agosti au Septemba. Kwa hiyo barua za walimu, insha ya kujieleza na mtihani wa Kiingereza, kama IELTS, viwe vimekamilika kabla hujaingia kambini. Usitegemee kujaza fomu kwa simu ukiwa huko. Matokeo ya IELTS hudumu miaka 2, hivyo kuufanya mapema hakukupunguzii kitu. Ukichagua mtihani unaofanyika nyumbani mbele ya kamera, tafuta chumba chenye mlango unaofungwa na umeme wa akiba, kwa sababu mtandao ukikatika katikati huenda jaribio lote likafutwa. Kwa maoni yetu, aliyechelewa ni heri aombe mwaka unaofuata akiwa na matokeo kamili mkononi kuliko kukimbizana na viza ndani ya wiki sita.

Sasa pesa. Wazazi wengi hapa hela yao iko kazini: iko kwenye dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, kwenye ng'ombe, kwenye mpunga wa Magu au Sengerema. Benki inaiona mara chache. Viza inapokaribia, mzazi anauza mzigo na kuweka milioni 40 kwa siku moja. Pesa ni halali kabisa, lakini ofisa anaona akaunti iliyokuwa tupu ikajaa ghafla, naye anahisi ni ya kuazima. Dawa yake ni mzazi kuanza kupitisha mauzo benki angalau miezi 6 kabla, na kutunza leseni ya biashara, namba ya mlipakodi (TIN), risiti za ushuru na hati za malipo ya kodi. Mzigo mkubwa ukiuzwa, makubaliano ya mauziano yaandikwe siku hiyo hiyo.

Kila nchi ina kanuni yake, isome kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo, usiichukue kwa wakala peke yake. Uingereza inataka pesa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Ikishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Tena iwe kwenye akaunti yako, ya mzazi au ya mlezi wa kisheria. Hapo ndipo majina yanaporudi: cheti chako cha kuzaliwa lazima kimtaje mzazi kama anavyoandikwa benki, pamoja na barua yake ya ridhaa. Akaunti ya mjomba haikubaliki, hata kama ndiye aliyekusomesha tangu darasa la kwanza. Mjomba akuhamishie kwenye akaunti yako, kisha mhesabu siku 28. Marekani inampokea mfadhili yeyote anayeonyesha uwezo na nia. Ujerumani kwa kawaida inataka mwanafunzi aweke pesa ya mwaka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, anayoruhusiwa kuchota kila mwezi kwa kiwango.

Kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inakitambua chuo hicho, na ufuatilie barua yake ya kutokuwa na pingamizi. Shahada yako itarudi kwao kutambuliwa siku ukitafuta kazi nyumbani. Wanaokwenda kusomea udaktari waulizie pia Baraza la Madaktari Tanganyika.

Alama za vidole na mahojiano mengi ya viza hufanyika Dar es Salaam. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 anapimwa kifua kikuu kwenye Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) huko huko. Panga vyote katika safari moja, kipimo kitangulie. Kwa China, fomu ya uchunguzi wa afya iwe na mhuri wa hospitali unaopita juu ya picha yako. Mhuri ukikaa pembeni inaweza kukataliwa, na vipimo vyake huhesabiwa miezi 6 tu. Ukifika China una siku 30 za kuomba kibali cha kukaa. India, kwa viza inayozidi siku 180, una siku 14 za kujiandikisha.

Mizigo haina mengi. Koti zito lipo soko la mitumba la Mlango Mmoja kwa bei nafuu, viatu vya baridi nunua huko. Nchi za Umoja wa Ulaya zinakataza kuingiza nyama na maziwa, kwa hiyo samli ibaki. Samaki wakavu wa kula mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20. Vyeti halisi na barua ya udahili vikae begi la mkononi, kamwe visiingie kwenye sanduku.

Mwisho ni afya, na hili tunaliomba kwa dhati. Aliyekulia pwani ya ziwa apime kichocho kabla ya kuondoka. Kinatibika kirahisi kwa dawa ya praziquantel hapa Mwanza, ilhali madaktari wa nchi za baridi hawakioni mara kwa mara na wanaweza kuchukua miezi kabla ya kukigundua. Na ukipata homa wiki au miezi ya kwanza ugenini, usiite mafua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, mwambie daktari kwamba umetoka eneo lenye malaria, taja tarehe uliyoondoka, na uombe kipimo cha damu.