Mjini au ufukweni? Anzeni na uchovu wenu

Dada, umesema mna siku 4 tu, mumeo anataka kujinyoosha ufukweni na wewe unatamani mji wenye makumbusho na muziki wa usiku. Mimi ningeuliza kwanza: mmechoka na nini? Kama mmetoka kwenye miezi ya kazi mfululizo na mazungumzo yenu yamebaki kuwa bili na watoto, nendeni baharini. Mjini mtaamka na ratiba, mtatembea hadi miguu iwake moto, na mtu aliyechoka akipotea njia hukasirika upesi. Ufukweni hakuna cha kuwahi.

Lakini kama mmechoshwa na mazoea, bahari haitawasaidia sana. Siku ya pili kila mmoja atakuwa ameinamia simu yake. Mji huwapa vitu vya kushangaa na kubishania pamoja. Angalieni tu siku ambazo makumbusho hufungwa: Louvre ya Paris, kwa mfano, hufungwa Jumanne.

Mkichagua bahari, ulizeni habari za mvua na za maji kujaa na kupwa kabla ya kulipia. Kuna fukwe ambazo maji yakipwa mnatembea mbali sana kabla magoti hayajalowa, na saa nzuri ya kuogelea husogea mbele karibu dakika 50 kila siku.

Mkishindwa kabisa kuafikiana, ipo miji yenye fukwe zake, kama Barcelona na Rio de Janeiro. Ila msizigawe siku 4 kwa sehemu mbili zilizo mbalimbali. Siku moja nzima itaishia njiani.