Hataza, Harare na Sheria Yetu: Maswali ya Wasomaji

Msomaji wa Mkunazini: Tanzania imo tangu mwaka 1999 katika Itifaki ya Harare, mkataba wa nchi za Afrika unaomwezesha mvumbuzi kuomba mara moja hataza, yaani haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake, kwa nchi kadhaa. Kwa nini Zanzibar iwe na sheria yake ya hataza?

Kwa sababu hataza hazimo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Bara wana sheria yao ya mwaka 1987, nasi tunayo Sheria ya Mali za Viwanda Namba 4 ya mwaka 2008, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, yaani BPRA. Mkataba husainiwa na Jamhuri ya Muungano, lakini hauwi sheria ya kutegemewa mahakamani mpaka uingizwe na chombo cha kutunga sheria, na kwa jambo lisilo la Muungano chombo hicho, kwa upande wetu, ni Baraza la Wawakilishi. Bara wakirekebisha yao, yetu haijaguswa.

Msomaji wa Wete: Je, kuoanisha sheria yetu na Itifaki ni kuinakili neno kwa neno?

Sivyo, na hapa ndipo ninapoona hatari. Mtu akiomba hataza ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, huzitaja nchi anazotaka kinga. ARIPO ikishaona kwamba ombi lafaa kukubaliwa, huziarifu nchi hizo, na kila moja hupewa miezi sita ya kuandika kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Nchi ikinyamaza, imekubali. Sasa tazama dawa: Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, zisitoe hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Nafuu hiyo, hata ikiandikwa vizuri vipi katika sheria ya nyumbani, haisaidii ikiwa hakuna mtumishi anayezisoma arifa za Harare na kuzijibu kwa wakati. Kwa hiyo marekebisho yangu ya kwanza yangekuwa kumtaja katika sheria mwenye wajibu wa kujibu.

Msomaji wa Bububu: Hataza hudumu miaka mingapi?

Ya ARIPO ni 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, almuradi ada ya kila mwaka ilipwe.

Msomaji wa Makunduchi: Mimi na wenzangu tumebuni kaushio la mwani na tunataka kulipeleka kwenye maonesho. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa kutolionesha. Sharti la kwanza la hataza ni upya, na kitu kilichokwisha kutazamwa na umma kina taabu kukitetea kuwa ni kipya. Pelekeni ombi kwanza, kwa BPRA kama mnataka kinga ya hapa, au ARIPO kama soko lenu limevuka bahari. Ikiwa kaushio lenu ni la zamani lililoboreshwa kidogo tu, ulizieni cheti cha uvumbuzi mdogo: Itifaki inautambua, hukaa miaka 10, na masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza.