Katika mchezo wa ubao wa Arkham Horror, zimwi akikukuta mtaani, pambano huanza lini?
Si papo hapo. Katika toleo la 2 la Arkham Horror, la mwaka 2005, zimwi anayeingia mtaani ulipo wakati wa awamu ya Mythos (awamu ya mwisho ya kila raundi, ambapo mazimwi husogea) hakushambulii mara moja. Pambano husubiri awamu yako ya mwendo inayofuata, pale unapotaka kuondoka au unapoimaliza ukiwa hapo hapo, isipokuwa ukifaulu kumkwepa. Kwa mujibu wa kitabu cha kanuni, zimwi aliye mahali pamoja na mpelelezi (mhusika wa mchezaji) hasogei, na hata yule ambaye kipande chake kina ukingo mwekundu, ambaye kwa kawaida husogea mara mbili, husimama akishakukuta. Jaribio la hofu, yaani kurusha kete kuona kama mpelelezi anastahimili kumwona zimwi, hufanywa mara moja tu katika kila pambano, jambo ambalo wachezaji husahau. Toleo la 3, la mwaka 2018, lina utaratibu tofauti.